Mayai ya Kasa Yenye Alama za Mkaa

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Walisema hivyo kwa sababu hawakumjua Bi Mwanaima wa Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya. Kuku wa jirani akikataa kuatamia, alipelekwa kwake, na siku ya ishirini na moja uani kulilia vifaranga. Kuku akiwa mvivu wa kugeuza mayai, Bi Mwanaima aliyageuza mwenyewe kwa mkono. Sifa hiyo aliipenda mno, nami simlaumu, maana hakuwa na nyingine. Watoto wake watatu walivuka mpaka kwenda Mombasa na hawakurudi hata kwa Idi.

Siku moja akaja Yona, kijana wa mradi wa kulinda kasa, mzaliwa wa Makorora mjini Tanga, mtoto wa wakata mkonge, ambaye maishani mwake hakuwahi kufuga hata njiwa. Alikuwa akitafuta mtu wa kuangalia ufuo. Alimweleza Bi Mwanaima kwamba kasa si samaki, ni ndugu wa mijusi na kenge. Hula majani ya baharini kama ng'ombe malishoni, lakini lazima aibuke apumue, na lazima apande mchangani kutaga. Mtoto wake huondoka akiwa anaenea kiganjani. Akinusurika, aliye jike hurejea kutaga kwenye pwani alikozaliwa, hata kama imepita miaka ishirini na zaidi.

Bi Mwanaima alimtaka alirudie hilo la mwisho.

"Kumbe wapo wanaorudi," akasema, na kazi akaichukua siku hiyohiyo.

Miaka mitatu alitembea ufuoni kila baada ya sala ya alfajiri asione ila ndala zilizokatika na chupa za plastiki. Sabiha, jirani yake, alimtania kwamba anamngoja mgeni asiyealikwa. Mwaka wa nne, asubuhi moja ya Aprili, akakuta alama pana zimetoka majini kama tairi la trekta, na juu yake mchanga umevurugwa. Alilia peke yake pale, mtu mzima, mikono kichwani.

Lakini kasa alikuwa ametaga chini mno, na maji makuu ya bamvua yangelifunika shimo. Akampigia Yona, naye akamwambia ayahamishe mayai saa ileile, ayabebe taratibu bila kuyatikisa, ayafukie juu zaidi, maji yasikofika, kina cha mkono. Yalikuwa mia moja na kumi na nane, meupe, ya mviringo, ganda lake laini. Aliyapanga ndooni juu ya mchanga, akayafukia penye usalama, akazungushia uzio wa makuti ili kenge wasiyafikie. Yote aliyoambiwa aliyafanya.

Kisha akaongeza lake. Kasa akishataga huenda zake, na jambo hilo lilimuuma Bi Mwanaima. Mayai hayakuwa na mama wa kuyageuza. Basi kila siku ya tatu alifukua, akayageuza moja moja kwa bismillahi, akayatia alama ya mkaa upande uliokuwa juu, akafukia tena. Magoti yalimuwaka moto. Yona alipopiga simu kuuliza hali, alijibiwa kuwa mayai yanatunzwa vizuri. Hilo la kugeuza hakulitaja. Nani hupiga simu kueleza kuwa ameosha mchele kabla ya kuupika?

Siku sitini zikapita. Zikapita sabini. Ya themanini Yona akaja, akamwamkia, akapiga magoti akachimba. Harufu ilitangulia. Alipasua la kwanza, la pili, la kumi; yote viza. Ndipo akalishika moja akaligeuzageuza.

"Bibi, hizi alama nyeusi ni za nini?"

"Za kujua upande. Nimeyageuza kila siku ya tatu, mwanangu. Sikuruka hata siku moja."

Yona aliliweka yai chini. Angeweza kusingizia joto la mchanga, au maji ya chumvi, na mimi ningemsamehe uongo huo. Lakini alilelewa kusema kweli, na kweli akaisema. Yai la kuku lisipogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda akafa. La kasa ni kinyume chake: siku ya kwanza tu kitoto hushikamana na ganda kwa juu, na hapo ndipo uhai wake ulipo, ukiligeuza, umekimaliza. Kuhamisha kulikuwa sawa kabisa. Yangeachwa baada ya hapo, yangeanguliwa.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikukwambia. Haikunijia kwamba kuna mtu angeyageuza."

Sabiha, aliyekuja kuona watoto wa kasa, alianza kusema kuwa ni majaaliwa ya Mungu. Bi Mwanaima alimwashiria anyamaze. Alikaa mchangani kando ya shimo, akaanza kufuta mkaa kwenye yai moja kwa ncha ya kanga, likasafika, akaliweka, akachukua jingine.

"Baba yangu alikuwa mla mayai ya kasa," akasema hatimaye. "Kila shimo alilolifukua aliacha kumi chini, akisema haya ya kesho. Alikuwa mwizi, Mungu amrehemu, na aliacha kumi. Mimi niliyeyapenda sikuacha hata moja."