Beki wa Mwisho

Wachezaji wa hoki ya barafu wanapopita kwenye mlango ninaoulinda, katika jengo la maduka lenye uwanja wa barafu ndani, hapa Doha, mabegi yao huacha harufu ya jasho na glavu zilizolowa. Jana harufu ile ilinirudisha kwenye nusu fainali ya hoki ya shule za msingi, katika kiwanja cha vumbi jekundu, sisi wasichana kumi na mmoja na magongo ya kuazima.

Wapinzani wetu walicheza kwa nguvu. Walitupiga vikumbo, wakatugonga miundi, na mwamuzi hakupuliza filimbi. Nahodha wetu aliangushwa mara tatu, na kila mara aliinuka akichechemea.

"Msiwaogope!" alitupigia kelele. "Hicho ndicho wanachotaka!"

Mimi nilikuwa beki wa mwisho. Tulikuwa sare, zimebaki dakika chache, msichana wao mkubwa akaja mbio na mpira huku gongo lake limeinuka. Nilijua pa kusimama. Miguu yangu ikasogea pembeni yenyewe. Akapita, akafunga.

Mechi ilipokwisha tuliketi kando ya ukuta tukilia. Mguu wa nahodha ulikuwa umevimba hata soksi haikuvulika. Akanitazama kwa huruma.

"Na wewe wamekuumiza wapi?"

Sikuwa na hata mchubuko. Nikashika goti.

"Pole, mdogo wangu," akasema, akajisogeza kwa shida ili nami nipate kivuli.