Unga na Vitamini Katika Kikombe Kimoja

Asubuhi hiyo tuliondoka Riyadh bila mpango wowote. Bosi alitoka nje amempakata binti yake, dada wa kazi akimfuata na begi la nguo za mtoto, akasema, "Yalla, Jeddah." Nilidhani anatania. Nguo zangu zote zilikuwa kwa jamaa mtaa wa Batha, lakini niliwasha gari. Nimehama kazi na miji mara nyingi mno hata kuondoka hakunishtui tena.

Mtoto alikuwa ameanza shule mwaka huo. Alizaliwa na mafuta mengi kwenye damu, ugonjwa wa ukoo wao. Ami yake alikufa kwa moyo angali kijana. Kwa hiyo alipewa dawa ya unga ya kukoroga kwenye juisi, na vidonge laini vya vitamini pembeni. Siku iliyotangulia vipimo vilionyesha mafuta yameshuka vizuri, ila vitamini E, ile inayokinga chembe za mwili zisiharibike, imeshuka nayo, tena sana.

Nilikuwepo kwa daktari, nimeshika mkoba wa mtoto. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nikikutana na mtu anayejua kitu siwezi kunyamaza. Nikauliza, kwa Kiarabu changu cha barabarani, hiyo vitamini imeenda wapi.

Daktari akacheka. "Wewe si dereva? Vitamini hii inasafiri ndani ya mafuta. Ukipunguza magari, abiria nao watapungua. Na wengine unga wenyewe unawazuia tumboni, hawafiki hata kituoni."

Bosi hakucheka. Nyumbani, madam, mke wake, ambaye alikuwa bado ndani ya arobaini ya mtoto mchanga, alisema dawa iachwe kabisa. Bosi aliogopa kuiacha kwa sababu ya yule ndugu yake aliyekufa, na aliogopa kuendelea nayo. Jeddah, anakoishi mama yake, kulikuwa na daktari mwingine aliyesifiwa. Hakumpigia daktari huyo simu. Tuliondoka tu.

Tulipokaribia Taif tulisimama kituo cha mafuta tule. Dada, Mkenya mwenzangu, alimimina unga kwenye juisi ya chungwa, akakoroga. Kisha akatoboa kidonge cha vitamini kwa pini na kukikamua humo humo.

Nyumbani watoto hulishwa ndani na wanawake. Bosi hula na wageni wake katika majlisi. Hakuwahi kuona kikombe hicho kikitengenezwa.

"Hiyo ni nini?"

"Vitamini yake, baba."

"Pamoja na unga?"

"Si madam alisema? Ramadhani mtoto alitaka kufunga kama dada zake, basi dawa zote zikawekwa pamoja saa ya futari. Ramadhani ikaisha, na hakuna aliyeniambia nirudishe kama zamani."

"Mpeni dereva anywe," mtoto alisema. "Ni kama mchanga."

Pembeni ya kituo palikuwa na duka la dawa. Bosi aliingia, akakaa sana, akatoka akitembea polepole. Alisema unga unainasa vitamini tumboni na kutoka nayo. Vitamini inywewe kwanza, unga uje baadaye sana. Alichukua kikombe mkononi mwa dada, akakimwaga chini. Hakumgombeza. Dada aliendelea kukoroga hewa kwa kijiko.

Simu yake na madam ilikuwa fupi. "Dawa haiachwi," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Mtoto atakaa Jeddah kwa bibi yake. Atapewa kila dawa kwa wakati wake, halafu apimwe tena. Wewe na dada mtabaki naye."

"Mpaka lini, bosi?"

"Mpaka damu iwe sawa."

Nilingoja nisikie hasira, au hata nafuu. Sikusikia kitu. Nikasema tayyib, sawa. Nilishika njia inayozunguka Makka, ile yetu tusio Waislamu.

Tulifika Jeddah baada ya magharibi. Kwa bibi, chumba cha dereva kilikuwa na dereva. Huyo akanielekeza mtaa wa nyuma, kwa mzee wa Kizanzibari anayekodisha vitanda.

"Utakaa siku ngapi, mwanangu?"

"Sijui, mzee. Nangoja vitamini ya mtoto ipande."

"Mtoto wako?"

"Wa bosi."

"Wallahi nyie Wakenya! Mwenzio alilala hapa akimngoja ngamia azae."

"Alizaa?"

"Alizaa. Mwenzio hakuondoka hata hivyo."

Alinionyesha kitanda cha karibu na mlango. Dada akanitumia ujumbe wa sauti: mtoto amekula wali, amemeza vitamini pekee, bila unga, unga ni wa kesho, na bibi amekaa mlangoni kuhakikisha. Niliusikiliza mara moja. Nikamuuliza mzee choo kiko wapi.