Mifugo ya Mwalimu

Kila asubuhi mwalimu aliyeletwa Butembo kutoka Kasai alikata majani kando ya uwanja wa ndege wa Rughenda, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyapeleka nyumbani, ilhali hakuwa na mbuzi wala sungura. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hata siku ya misa, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyelaza mgonjwa. Jirani yake Virginie hakumwamini. Tangu vita vianze, askari walitoka kwa mwalimu mikono mitupu, na kwa Virginie walitoka na mifugo. Siku walipomchukulia mbuzi wa mwisho, aliingia kwa mwalimu bila kupiga hodi. Alimkuta amepiga magoti, akisukuma majani chini ya kitanda, na vinyama vyenye manyoya vikiyatafuna.

“Mwalimu, unafuga panya?”

“Hapana panya, mama. Ni kobayi, ni nyama ya kula. Inalia polepole, donc baaskari hapana kuisikia.” Akamtilia dume na jike ndani ya kitenge. “Ufiche leo. Siku ya ine batarudi.”

Virginie alishukuru, akakaza fundo la kitenge. Hakuthubutu kumwuliza amejuaje kwamba askari wangerudi Alhamisi.