Tulifagia Kabla ya Wageni

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika wanachosema watu. Mji wetu ulikuwa unachorewa ramani ya miaka ijayo, na iliamuliwa kwamba wakazi waulizwe kwanza: barabara ipite wapi, soko likae wapi, nini kiachwe kama kilivyo. Hapa Rusizi mkutano huanza kwa Kinyarwanda, lakini ukifika kwenye jambo linalouma, sisi tuliokulia ng'ambo ya daraja la mpakani, Bukavu nchini Kongo, tunahamia Kiswahili bila kujitambua. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kuandika na kufasiri. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikachora safu tatu kila ukurasa: nani, wapi, amesema nini. Kwenye safu ya kwanza sikuandika majina. Niliandika "muuza nyanya", "mwenye pikipiki", "mwalimu mstaafu", maana ndivyo watu wenyewe walivyojitambulisha.

Ramani ilibandikwa kwenye ubao mpana, ikalazwa juu ya madawati mawili ya shule. Mwanzoni tulikuwa na vikaratasi vya rangi vya kuweka juu yake, lakini upepo wa ziwa ulivipeleka kwenye migomba kabla ya sala ya kufungua mkutano kwisha. Muuza nyanya akatoa maharage na punje za mahindi kwenye kikapu chake. Tukakubaliana: harage maana yake "kibaki", punje ya hindi maana yake "kibadilike". Mzee mmoja aliyehamia kutoka Bugarama akasema ingekuwa kwao wangetumia mpunga, na kuku wangemaliza mji wote kabla ya saa sita.

Aliyeongoza kazi alikuwa mhandisi wa mipango miji, mwanamke kijana kutoka Kigali, mwenye viatu vya kutembelea na subira nyingi. Hakupenda kukaa nyuma ya meza. Alisema maharage yanaonyesha watu wanataka nini, lakini hayaonyeshi wanafanya nini, na alitaka kupanda kwa miguu kutoka mpakani mpaka Kamembe, mjini juu, aone kila kipande cha ardhi kinavyotumika. Akaniomba nimwarifu mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, kwamba atapita siku ya Alhamisi. Hilo tu. Nikamwarifu, na kosa letu likaanzia hapo.

Lazima nieleze kwanza kuhusu kona ya bomba. Barabara inayotoka kwenye daraja inapinda mara mbili, na kwenye kona ya pili, juu kidogo ya bomba la maji, kuna kipande cha ardhi ya mji ambacho hakina mwenyewe. Kila asubuhi mwanamke mmoja, mjane, alikuwa anafunga turubai hapo kwenye fito nne na kutandika mikeka. Wanawake wanaovuka kwenda kuuza Bukavu walimwachia watoto wao wachanga. Huwezi kupita pale mpakani na kikapu cha mboga kichwani, kuku mkononi na mtoto mgongoni, halafu ukashinda naye juani kwenye soko la ng'ambo. Wote tulimwita Maman tu. Naye alikulia Bukavu kama mimi. Alichemsha uji wa mtama, akawanywesha, akawalaza, na alasiri mama zao walipopanda kutoka darajani waliwakuta hapo wakiwa wakavu na wameshiba. Kila mama alimpa alichoweza. Siku nyingine ilikuwa sambaza kidogo, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko. Ndiyo riziki yake yote, na ndiyo iliyowawezesha wale wanawake kupata ya kwao.

Sasa, kwetu hapa, mgeni akitangazwa, watu hawahitaji kuambiwa la kufanya. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka wote kwa umuganda, kazi ya pamoja, tunakata nyasi, tunazibua mifereji, tunafagia. Mikono imezoea. Mkuu wa mudugudu aliposema mhandisi kutoka Kigali anakuja Alhamisi, hakuamuru chochote. Jumatano jioni barabara nzima ilikuwa imefagiliwa.

Alhamisi tulipanda polepole. Mhandisi alipiga picha, nami niliandika. Tulipofika kona ya bomba tulikuta nyasi zilizokatwa sawasawa, ukingo wa mawe umepakwa chokaa, hakuna fito, hakuna mkeka, hakuna mtu. Mhandisi akasimama akatazama ziwa chini, akasema ni mahali pazuri sana, kana kwamba panangoja kitu. Nikaandika kwenye daftari: "Kona ya bomba. Uwanja mtupu. Nyasi. Safi." Nilijua Maman anakaa pale, nilipita mbele yake karibu kila asubuhi. Lakini nilikuwa nimejifunza kuandika ninachokiona, na siku ile sikumwona. Tena, kusema kweli, nilijivunia. Mgeni alikuwa anatusifu.

Baada ya wiki kadhaa rasimu ya ramani ikaja, tukaitwa tena mkutanoni. Ilikuwa nzuri. Watu walitafuta nyumba zao kwa vidole, wakapiga makofi walipoona ngazi mpya za kushukia ziwani. Maman alikuja amechelewa, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono, wote si wake. Hakujua kusoma ramani. Alifuata barabara kwa kidole kutoka darajani, kona ya kwanza, kona ya pili, kisha akanigeukia.

"Papa, hapa ni fasi gani?"

Nikamwambia ni kwake, kwenye bomba.

"Na hii rangi?"

Nikamwambia kijani maana yake ni bustani. Patapandwa maua, patawekwa viti vya kupumzikia wageni wanaotoka mpakani. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama nyuma yetu, anasikiliza.

"Usiogope, Maman," akasema. "Batoto bako batakuwa maua."

Watu wakacheka. Maman naye akacheka kidogo, akampandisha yule wa mgongoni.

"Maua inataka mayi tu," akamjibu. "Aba banataka uji."

Nilidhani angeishia hapo. Si rahisi kusimama mbele ya watu na kupinga ramani ambayo mtaa mzima umeipigia makofi. Lakini zamu ya maswali ilipofika aliinua mkono, akapewa nafasi, akaanza kwa kushukuru. Alishukuru uongozi, akamshukuru mhandisi, akashukuru kwa ngazi, ingawa hana shughuli yoyote ziwani. Alisema hayo kwa Kinyarwanda. Kisha akahamia Kiswahili.

"Mji utakuwa muzuri, naona. Naomba kuuliza neno moja tu. Asubui bamama bakipita ku daraja, batoto banaikala wapi?"

Nikafasiri. Mhandisi akamsikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole kwamba yeye mwenyewe alisimama pale kwenye bomba, kwa miguu yake, na hakukuta watoto. Hakuwa anabisha, alikuwa anatafuta kuelewa. Akafungua picha kwenye simu yake, ikapitishwa mkono kwa mkono: nyasi, mawe meupe, ziwa. Kila aliyeipokea aliitazama, akampa mwenzake, akaangalia chini. Mkuu wa mudugudu aliangalia viatu vyake. Maman ilipomfikia aliishika kwa muda mrefu kuliko wengine. Angeweza kusema. Lakini kusema kungekuwa kuwasema majirani waliomsaidia kung'oa fito, naye akairudisha simu akaketi.

Nilifungua daftari nikatafuta ukurasa ule. Nikasoma kwa sauti nilichokuwa nimeandika, neno kwa neno. Kisha nikasema yaliyobaki, kwanza kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wa ng'ambo.

"Tulifagia. Tuliposikia mgeni anakuja, tulifagia mpaka watu."

Nilifikiri nimeaibisha mtaa. Kisha muuza nyanya akaguna, guno la mtu anayezuia kicheko, na mkuu wa mudugudu akasimama. Ni mtu mpole, naye alilelewa ng'ambo. Alisema ni kweli, na kwamba hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

"Bageni banakuya, utaacha nyumba chafu?" akauliza, kama anayemwuliza kila mmoja wetu. "Njo kosa yetu iyo."

Mhandisi akakaa kwenye ukingo wa dawati. Akauliza kama ni kwenye bomba peke yake. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Fundi viatu akakiri kwamba siku ile alihamishia kibanda chake nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Wauza sambaza walikuwa wameficha mabeseni nyuma ya kanisa, na samaki wakavunda. Mwalimu mstaafu alieleza, kwa aibu, kwamba njia ya mkato ya wanafunzi waliiziba kwa miche ya ua ili ionekane nadhifu, na watoto wakazunguka na kuchelewa shule. Kila mmoja alipomaliza kusema alikwenda kwenye ubao akaweka harage lake pale alipokuwa amefagia. Maman alikwenda wa mwisho. Baadaye aliniambia kwamba Alhamisi ile aliwafungia watoto chumbani kwake tangu asubuhi, na mama mmoja, asiyejua mipango yetu, alipokuta uwanja mtupu alivuka daraja na mtoto mgongoni na nyanya kichwani. Alirudi na nusu ya kikapu. Zilizobaki zilimwagika njiani.

Mhandisi alisema atarudi. Tukamwuliza siku gani. Akasema hatasema, na akanitazama: hata mimi hataniambia.

Alikuja siku ya soko, jua halijatoka, akagonga kwangu. Tulishuka mpaka kwenye bomba tukakaa juu ya mawe meupe. Maman alikuwa anafunga turubai. Alituona, akasimama na fito mkononi, nikajua anajiuliza kama aing'oe. Mhandisi akamwomba aendelee.

Wanawake walianza kushuka wakiwa wamejitwisha. Kila mmoja alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi, kisha akaacha na kile kitenge alichombebea. Ndivyo walivyozoea: mtoto hulala akiwa na harufu ya mama yake karibu. Maman aliwafunika kidogo mpaka walipotulia, halafu akavitundika vitenge kwenye kamba iliyofungwa kati ya fito mbili. Alasiri kila mama hufungua cha kwake. Kwa hiyo ukitazama kamba, unajua mama wa nani bado yuko Bukavu. Mhandisi aliniuliza maana ya kamba ile, nikaona haya kwamba nimepita hapo miaka yote sijawahi kuuliza. Maman akamweleza. Akiwa bado anaeleza, mama mmoja aliyechelewa akaja mbio, akamweka mtoto mapajani mwa mhandisi, akasema "Shika, dada," akashuka zake darajani. Mhandisi alimshika mpaka uji ulipoiva. Suruali yake ililowa. Aliniomba tu nimshikie kalamu.

Ramani iliyofuata bado ina kijani kwenye kona ya bomba, lakini ndani ya kijani kuna kisanduku cheupe, na pembeni yake maneno: mahali pa kulelea watoto wa wachuuzi. Hakuna nyumba iliyojengwa hadi leo ninapoandika. Mhandisi alitueleza wazi kwamba kisanduku si tofali. Lakini kipo, na asiyekitaka itabidi akifute mbele ya watu.

Kabla hakijakubaliwa, wakubwa walitaka kuja kupaona wenyewe. Habari ikatangazwa, na usiku haujaingia mifagio ikaanza kusikika mtaa mzima. Siwalaumu. Hata mimi nilifagia mbele ya mlango wangu.

Asubuhi nilishuka mapema kwenda kona ya bomba. Pamefagiliwa vizuri kuliko siku ya kwanza. Mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana kwenye udongo. Juu ya mistari hiyo Maman alikuwa ametandika mikeka, turubai limefungwa, chungu kiko mafigani. Mkuu wa mudugudu alikuwa amefika kabla yangu, amevaa koti. Alisimama kando yake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama haoni afadhali atoe mikeka kidogo tu, wageni wakishapita arudishe.

"Nimefagia, Papa," Maman akamwambia. "Sasa naikala."

Akaketi katikati ya watoto, miguu ameinyoosha. Mkuu wa mudugudu alimtazama, akatazama barabara ambako magari yalikuwa yanapinda kona ya kwanza. Kisha akavua koti lake jipya, akalitundika kwenye mojawapo ya fito, akainama akasogeza kuni chini ya chungu.

Nikafungua daftari. Kwenye safu ya pili nikaandika "kona ya bomba". Nikahesabu vitenge kwenye kamba kabla sijaandika kitu kingine: vilikuwa saba, na cha nane alikuwa anakitundika.