Laurence Anaingia Bila Kukata

"Umesikia, Mama Hirwa? Nyumba ya Nyogokuru Pulchérie itabomolewa!"

Mama Igihozo, jirani yake, aliitoa habari hiyo juu ya ua, mikono bado ina povu la sabuni. Alikuwa amemwona kwa macho yake Laurence, yule binti wa kupiga video za harusi, akitembea kutoka barabarani mpaka ndani ya salon, sebule ya bibi huyo wa watu, magoti yamekunjwa, midomo inahesabu hatua.

"Mutu anahesabu hatua kwa nyumba ya mwengine, ni ya nini? Iko anapimia wakubwa. Bon, kesho ni sisi."

Umurerwa aliweka kando karoti alizokuwa akizifunga kupeleka sokoni Goma. Alimfunga mwanawe Hirwa mgongoni akateremka njia ya Nengo kujionea. Laurence alikuwa mtu ambaye Umurerwa alimpenda bila kumwambia. Alimwona akianza, na kamera ya kuazima, akiwabembeleza wageni wa ufukweni wapige picha na ziwa nyuma yao. Leo watu wanamwita mpaka Kanama na Rugerero, na bado akipita anasimama kumchekesha Hirwa.

Alimkuta kwenye geti, jasho linamtoka.

"Mama Hirwa! Simama hapo hapo. We ni bibi arusi."

"Kumbe hupimi nyumba ili ibomolewe?"

Laurence alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza. Jumamosi, Jean-Luc, mjukuu wa Nyogokuru, analeta mke nyumbani. Mama wa bibi arusi yuko Goma, amevunjika mguu, hawezi kuvuka mpaka. Kumwonyesha kwa simu wamejaribu, ndani ya nyumba hii mtandao unaganda. Na mama huyo amesema neno moja.

"Aliniambia: 'Kwa arusi ya dada mukubwa wake mulikatakata video. Nilimuona mutoto mulangoni, halafu nikamuona amekaa na maziwa. Pale katikati munaniachaka inje. Mi nataka niingie naye.' Donc, ni picha moja, Mama Hirwa. Kutoka kwa gari mpaka kwa maziwa ya kumukaribisha. Bila kukata."

Wakajaribu. Umurerwa alitembea kama bibi arusi, Laurence mbele yake akirudi kinyumenyume, kamera kifuani, laini kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kizingitini kidole gumba chake kikazungusha gurudumu dogo la mwanga, maana kamera ni kama jicho, ikitoka juani inaona giza tu. Hata machoni pa Umurerwa giza likaja, likaondoka, na salon ikachomoza taratibu: viti, vitambaa, picha za ukutani.

Ndipo mikono miwili ikamkamata Laurence kwa nyuma.

"Yewe mwana! Unaingia kwangu na mugongo? Hausalimu?"

Nyogokuru Pulchérie alimkumbatia, kushoto, kulia, akamshika mabega amwangalie vizuri. Kamera ikapiga picha ya dari.

"Nyogokuru, niko kwa kazi."

"Na mi niko kwangu."

Walirudia. Akamkumbatia tena. "Si umetoka inje? Mutu akirudi, tunasalimiana."

Laurence alikaa kwenye ngazi, kicheko kimekwisha. "Nitamukatalia bibi asisalimu watu kwake, siku ya arusi? Na bibi arusi haingii mara mbili."

Jumamosi honi zilisikika tangu barabara ya chini. Umurerwa alikuwa ndani pamoja na wanawake, Hirwa mgongoni. Kupitia mlango aliuona mgongo wa Laurence ukija, magoti yamekunjwa, na ng'ambo yake gauni jeupe na vigelegele. Hatua chache zaidi. Nyogokuru akainuka kitini, mikono wazi.

Umurerwa hakufikiri. Alichomoka kati ya wanawake, akajitumbukiza kwenye mikono ile.

"Mwiriwe, Nyogokuru!"

"Mwana wanjye! Lakini we ulishanisalimia asubuhi."

"Nilikuwa sijamaliza."

Nyogokuru akacheka, akamkaza kwa nguvu, kushoto, kulia, kushoto tena, na mtoto naye akapata sehemu yake. Juu ya bega la bibi Umurerwa aliona kisigino cha Laurence kikivuka kizingiti. Kidole kikazungusha gurudumu. Gauni likapita karibu hivi, likinukia maua. Bibi arusi akakaa mkekani, wakampa inkongoro, kikombe cha mti cha maziwa, na maziwa yakamgusa midomo. Kamera haikutikisika.

Laurence aliishusha polepole, kama anayemlaza mtoto. Halafu akaruka juu.

"Imetoka! Mama Hirwa, imetoka muzima!"

"Na huyu bado hajanisalimia," alisema Nyogokuru, akamvuta.

Baadaye, nyuma ya jiko, walibana vichwa juu ya kioo kidogo cha kamera. Gari, geti, jua, kizingiti, giza fupi, maziwa. Umurerwa alizidi kusogeza uso karibu, ingawa mwisho aliujua. Laurence hakuangalia kamera, alimwangalia yeye.

"Siku ya kazi ya kwanza, Jumatatu, unavuka Goma na karoti zako?"

"Navuka."

"Nitaiweka kwa tablet, umupelekee mama ya bibi arusi. Mi nikienda nitaanza kumuelezea, nitaharibu." Akafuta kioo cha kamera kwa upindo wa nguo. "Uiweke mbele yake, ukae kando. Na picha ikifika kwa mulango, tafadhali, Mama Hirwa, usimusemeshe. Umuache aingie naye."