Jaketi la Kuzama Nalo

Chekeni tu, hata mama yangu mzazi alicheka mpaka akakaa chini, maana aibu ya siku ile pale mtaa wa Gerezani, Dar, haifichiki, mtaa mzima uliniona kwenye simu nikiwa nimevimba kama andazi lililozidi hamira.

Nilikuwa nimepata kazi ya kupiga mbizi, kukagua matumbo ya meli bandarini (ndiyo, mimi na miguu yangu hii myembamba), leo Dar, kesho Tanga, keshokutwa Mtwara, ila mkuu wetu, Kapteni Mbelwa, alishanionya kwamba Jumatatu nisipofika na jaketi langu mwenyewe, nafasi anampa mwingine. Jaketi la mpiga mbizi, kwa msiolijua, ni mfuko wa hewa unaovaliwa: ukiujaza unapanda, ukiupunguza unashuka, na uhai wako wote unaning'inia hapo katikati.

Kwa Side, muuza vifaa vya meli vilivyotumika, nikakuta mawili. Jeusi lilikuwa nene, zuri, mifuko kibao, lakini lingekula begi zima la safari. La kijivu lilikunjika kama khanga, na lilikuwa na pete za chuma za kuning'iniza nyundo na taa. Moyo ukaenda kwenye la kijivu. Mtu mwenye akili angelipuliza likiwa mezani. Mimi nikalivaa, nikatoka nalo barazani kwenye mwanga, nikapuliza kwa mdomo mpaka likanibana mbavu na mikono ikasimama kama ya kaa.

"Achana na hilo, dada," Side akasema, ananipungia jaketi la rangi ya chungwa la abiria wa boti. "Chukua hili. Halizami hata ulisukume!"

Nikajibu kwa sauti (magari yalikuwa yanapiga honi): "Kaka, mimi nataka la kuzama nalo!"

Mama Zuwena, anayeuza wali jirani na duka, akadondosha upawa.

"Jamani! Binti anataka kujizamisha!" Akanirukia, akanikumbatia jaketi na vyote. "Mwanangu, hakuna mwanaume wa kumfia!"

"Mwanaume gani, mama? Ni kazi ya meli!"

"Anazamia meli kwenda Sauzi huyo!" akapaza mbeba mizigo mmoja, na watu wakaacha mikokoteni wakaja kuangalia, simu juu wanarekodi, nusu wananililia, nusu wananiagiza salamu kwa ndugu zao walioko huko.

Nikabonyeza kitufe cha kutoa hewa. Kimeganda. Nikataka kufungua mkanda, nao uko chini ya kifua cha Mama Zuwena.

"Halitoi hewa!" nikapiga kelele, wao wakasikia sipati hewa, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na mkasi.

Hapo nikaogopa kweli. Likichanwa, sina jingine la kufaa, na Jumatatu sina kazi. Nikakumbuka nyuma, chini ya kiuno, kuna kamba ya kutolea hewa.

"Mama, usiniachie! Vuta kamba ya nyuma! Ile yenye kigololi!"

Akavuta. Jaketi likatoa mlio (mnaujua mlio huo, mrefu, unaokata kona), na mtaa mzima ukanyamaza kuusikiliza mpaka ulipoisha.

"Pole, mwanangu," akaninong'oneza. "Ni maharage?"

Waliangua kicheko mpaka kinyozi akakalia mkokoteni. Lakini mimi nilikuwa nimeshachagua. Jaketi ambalo kitufe kikigoma bado lina mlango wa nyuma, hilo ndilo langu. Mama Zuwena akanipa maji ya uvuguvugu, nikaosha kitufe, chumvi ikayeyuka, kikabonyea laini.

Jumatatu nikafika bandarini. "Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba." Akageuza simu yake. Nikasikia ule mlio. "Huyu ni wewe?"

"Ni jaketi, Kapteni!"

Alicheka mpaka akafuta macho. "Wenzako walinionyesha mifuko na rangi za majaketi yao. Wewe peke yako umelijaribu likigoma. Vaa, unashuka wa kwanza."

Nikashuka. Maji ya kijani yakanifunika, tumbo la meli likatanda juu yangu kama paa la msikiti mkubwa, hewa ikatoka taratibu kwenye jaketi, nami nikaning'inia pale katikati, sipandi, sishuki, malkia wa giza lile lote.

Tangu siku ile, dukani nasema: naomba jaketi la kuzama na kurudi nalo. Na nasema nikiwa sijavaa kitu (jaketi, jamani, nguo ninazo).