Mpiga bazini wa Missira na harusi ya bintiye

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Missira jijini Bamako umeshaamka kwa kishindo. Sériba Coulibaly na mwenzake Zoumana Keïta wameketi wakitazamana. Katikati yao pana gogo, na juu ya gogo bazini ya bluu iliyotiwa wanga ikakaushwa. Nyundo ya mti ya mmoja ikipanda, ya mwenzake inashuka. Hawahesabu, wala hawagongani.

Bazini isiyopigwa ni kitambaa tu. Ikipigwa sawasawa hung'aa, hukakamaa, na kila hatua ya mvaaji hutoa sauti. Hapa mtu haendi harusini na bazini iliyonyamaza.

"Piga vizuri, mla kunde wee!" Zoumana anachokoza.

"Nyamaza, mtumwa wangu. Nani kakuruhusu kuongea?"

Akina Keïta na akina Coulibaly ni watani wa ukoo, kuitana "mla kunde" na "mtumwa" ni jadi yao, na hawa wawili wametaniana juu ya gogo hilo miaka thelathini na mmoja.

Zamani walipiga nguo kumi kwa siku. Sasa wakipata nne wanashukuru, maana kitambaa kinachong'arishwa kwa mashine ni rahisi na vijana wanakipenda. Sériba hakujali sana, mpaka aliposikia kwamba binti yake Assitan, anayeolewa Jumapili hii, ameonekana akijaribu gauni jeupe la kukodi.

"Iliniuma," anasema. "Maharusi wa watu nimewang'arisha mimi. Wangu atoke bila mkono wangu?"

Hakumuuliza. Alinunua bazini, akaipeleka kwa watia rangi, na ndiyo hii inayopigwa leo.

Kabla ya adhuhuri Assitan anafika, mfuko begani. Anachuchumaa, anafinya pindo la bazini kiganjani na kulisogeza sikioni.

"Baba, bado hii. Hailii."

"Kwani utaivaa?"

"Gauni ni la asubuhi, ndoa ya serikali kwa meya. Mchana nataka mtaa mzima ujue mimi mtoto wa nani."

Sériba anainama kutafuta chini kitu ambacho hakipo. Furaha imemzidi.

"Jamani, Coulibaly analia!" Zoumana anapaza sauti. "Kunde zimemwingia machoni!"

Assitan anatoa mfukoni bazini nyingine, ya hudhurungi kama kokwa la kola. Ni ya baba yake. Sériba hajawahi kuwa na bazini ya kupigwa, kwa kuwa Jumapili, siku ya harusi, watu wanapovaa, yeye huwa gogoni. Anaikunjua, anaishika nyundo kwa mazoea.

"Acha, Baba. Hii huipigi wewe."

Zoumana anamwita jirani akae upande wa pili. Sériba anasogea pembeni, hajui mikono aiweke wapi, na anatazama nguo yake ikipigwa.

Mpango wake wa Jumapili ni mfupi.

"Nitakaa mbele, karibu na mama yake Assitan, nimevaa na mimi. Anayetaka nguo yake ipigwe, anitafute Jumatatu."